Mbwa Si Mzigo wa Buti

Kila Desemba wimbo ni ule ule. Magari yanateremka Mai Mahiu kuelekea magharibi, magodoro juu, watoto ndani, na kwenye buti, katikati ya unga na kreti za soda, mbwa. Muulize mwenye gari, atakujibu: "Aah, si ni mbwa tu?"

Hilo "tu" ndilo ninalogombana nalo leo. Nagombana nalo kwa sababu niliwahi kulisema mwenyewe.

Tulikuwa tunahama kutoka Nairobi kurudi Kisumu, zaidi ya kilomita 300, na Tomi hakuwa amepanda gari hata siku moja. Asubuhi hiyo tulimshibisha ugali na matumbo ndio asitusumbue njiani. Kisha Anko akamkamata shingo, mimi miguu, tukamsukuma ndani ya buti. Alikwaruza bati, akalia. Tukaongeza sauti ya redio. Kufika Naivasha harufu ya matapishi ilikuwa imejaa gari. Kufika Gilgil alikuwa kimya, nasi tukafurahi kwamba ametulia. Nakuru tukaegesha juani, tukala chapati na chai bila haraka. Nilipofungua buti nimpe maji, alichomoka, akapita katikati ya malori, akapotea. Tulimwita mpaka sauti zikakauka. Anko akasema, "Twendeni, tutapata mwingine." Dada yangu mdogo hakumsemesha mpaka Kisumu.

Sasa kuna watu watakaosema kwamba kumwandaa mbwa kwa safari ni mambo ya wenye pesa. Hebu tuhesabu hizo pesa.

Wiki chache kabla ya safari, fungua mlango wa gari likiwa limezimwa, umwache anuse, umpe mfupa humo ndani. Siku nyingine washa injini, mkae tu. Halafu mzungushe hadi sokoni mrudi. Halafu nusu saa. Bei yake? Mafuta kidogo na subira. Siku ya safari usimpe chakula kizito saa chache kabla ya kuondoka. Hapo umeokoa hata unga. Beba maji na sufuria kuukuu. Simama kila baada ya saa mbili hivi, anyooshe miguu, akojoe. Mfunge mkanda wenye nambari yako ya simu, na kamba uishike kabla mlango haujafunguliwa. Hata kamba ya mbuzi ingetosha. Ningekuwa nayo pale Nakuru, ningekuwa na Tomi.

Tusidanganyane basi. Kilichotushinda si umaskini, ni uvivu.

Na uvivu huu unaua. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Mfungie ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata ukiacha kidirisha wazi, joto hupanda kwa dakika chache, na kuhema hakumfai tena. Wengine humpa tembe za binadamu ili alale. Hiyo ni kamari. Kama anatapika kila akipanda gari, mwone daktari wa mifugo mapema, si usiku wa kuamkia safari.

Kama huruma haikugusi, sheria ipo: Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu. Ilikuwepo hata siku ile tulipokuwa tukinywa chai.

Utaniambia hata watu wanabanwa kwenye matatu, nani ana muda wa mbwa? Kweli tunabanwa. Lakini abiria akizidiwa hugonga bati, akasema, "Dere, shukisha!" Na dereva husimama, hata kama ni kwa matusi. Tomi pia aligonga bati. Alianza kugonga kabla hatujatoka mtaani, na sisi sote tulimsikia.

Desemba inakuja. Kama utasafiri na mbwa, anza jioni ya leo. Zima injini, fungua mlango wa nyuma, weka mfupa kwenye kiti. Kisha kaa hapo kando umngoje aingie mwenyewe.