Ruksa ya Kiti na Kipimo cha Viungo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Wapenzi wasomaji, katika majuma haya tumepokea barua mbili zinazokaribiana sana. Ya kwanza imetoka kwa kijana wa hapa pwani ambaye baba yake anaishi Kitale, alikokwenda kufanya biashara tangu ujanani akaoa na kujenga huko. Mzee alipatwa na kiharusi mwaka jana, upande wa kulia ukalegea, na tangu siku hiyo anaswali juu ya kiti. Sasa anatembea kwa mkongojo hadi msalani, lakini swala zake zote bado ni za kiti, na msikitini hendi kwa kuona haya. Kijana anauliza iwapo ruksa hiyo ni ya maisha. Barua ya pili ni ya binti ambaye mama yake yuko Bungoma. Mama anatamani kusujudu chini kama zamani, na wanawe wanamkataza wakihofia ataanguka. Hata kikombe cha chai hushikiwa. Binti anauliza ni nani mwenye haki, mama au ndugu zake.

Tumeona tuzijibu pamoja, kwa kuwa chanzo cha mashaka yote mawili ni kimoja. Wazee hawa walitazamwa viungo vyao siku walipotoka hospitalini, kisha hakuna aliyewatazama tena.

Tuanze na fiqhi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa sahaba Imran bin Huswayn alikuwa mgonjwa, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu swala yake. Akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, na asipoweza alale ubavu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wameendelea kuteremka daraja hizo hadi kwa anayeashiria kwa kichwa, kisha kwa kope za macho, kisha anayeipitisha swala moyoni mwake. Tazameni jinsi kila daraja inavyofungwa na uwezo. Wamesema pia kuwa mtu aliyeanza swala ameketi, kisha akapata nguvu za kusimama akiwa ndani ya swala hiyo hiyo, atasimama na kuikamilisha. Basi ikiwa ruksa inaweza kubadilika baina ya rakaa na rakaa, vipi ibaki mwaka mzima bila ya kuulizwa?

Utabibu nao una ngazi zake. Kiharusi hutokea damu inapokatika kufika sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa mshipa kupasuka. Sehemu iliyokosa damu hufa, na kiungo kilichokuwa kikiamrishwa nayo hulegea, upande wa kushoto wa ubongo ukiongoza mkono na mguu wa kulia. Ila ubongo una uwezo wa kujifunza upya. Sehemu zilizosalimika huweza kushika baadhi ya kazi za ile iliyokufa, kwa sharti kwamba kazi yenyewe irudiwe mara nyingi. Kiungo kisichotumiwa hakimfundishi mwenyewe kitu.

Kwa sababu hiyo mtaalamu wa tiba ya viungo huanza kwa kupima. Nguvu za msuli huzipa alama kutoka 0 hadi 5. Sufuri ni kutokuwapo dalili yoyote. Moja ni msuli kutikisika tu. Mbili ni kiungo kusogea kikiwa kimelazwa kitandani. Tatu ni kuinuka dhidi ya uzito wake chenyewe. Nne ni kuhimili mkono wa mtaalamu unaokikandamiza, na tano ni nguvu ya kawaida. Kwa mizani ya mwili kuna kipimo kiitwacho Berg, chenye vitendo 14 na jumla ya alama 56, kama kuinuka kitini, kusimama macho yamefumbwa, na kuokota kitu sakafuni. Kipo kingine chepesi zaidi: mgonjwa ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi, huku mtaalamu akihesabu sekunde. Kipimo hicho kikirudiwa baada ya majuma kadhaa, familia huona kwa hesabu ikiwa mzee amesonga mbele, amesimama palepale au amerudi nyuma.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Katika vitendo vile 14 vya Berg hakuna sijda. Hakuna kuketi mkekani, wala kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, ambacho ndicho choo cha nyumba nyingi za vijijini kuzunguka Kitale na Bungoma. Mtaalamu hupima alichofunzwa na alichoambiwa. Huenda si Muislamu na hajui kuwa mgonjwa wake hushuka chini na kuinuka mara nyingi kila siku. Ni juu ya mgonjwa na jamaa zake kumweleza waziwazi: lengo letu ni sijda, lengo letu ni kutawadha bila kumwagiwa maji, lengo letu ni kufika msikitini. Akilijua lengo, ataugawa mwendo vipande vipande, kama vile kuhamisha uzito kwenye mguu dhaifu, kuegemea kiganja kilicholegea juu ya meza, kupiga magoti kwa kushika kiti kizito, kisha kuinuka.

Kwa kijana wetu tunasema hivi. Mpeleke mzee apimwe upya katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyo karibu naye, ya Kitale au ya Bungoma, au kwa mtaalamu mwenye leseni, kwani kazi hiyo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2014 na ni haki yenu kuuliza usajili. Ikionekana anaweza kusimama akiegemea ukuta au mkongojo, na aanze swala akiwa amesimama, aketi anapochoka, na sijda aiashirie kutoka kitini mpaka atakapoiweza. Ni kanuni mashuhuri ya mafakihi kuwa lililo jepesi haliondoki kwa sababu ya lile lililo zito. Ikiwa kusimama kutamletea kizunguzungu au hofu ya kweli ya kuanguka, kiti chake ni halali na swala yake imetimia. Wala asione haya mbele ya jamaa msikitini. Aibu ni ya msikiti usiomwekea nafasi.

Na kwa binti wa Bungoma, mama ana haki ya kutamani na nduguzo wana haki ya kuhofu. Kauli ya tabibu mjuzi na mwaminifu ndiyo itakayoamua baina yao. Daktari aulizwe kwanza kuhusu presha yake na kama kuinamisha kichwa kuna madhara. Lakini kikombe cha chai mrudishieni leo, kisijae wala kisiwe cha moto, akishike kwa mkono ulio dhaifu huku ule wenye nguvu ukisaidia. Anapotawadha, mmwagieni maji na mumwache asugue mwenyewe. Tasbihi aihesabu kwa vidole vya mkono ule ule. Huruma inayomfanyia mzazi kila kitu humnyima mazoezi yanayomrudishia viungo.

Tahadhari nazo ni wajibu. Msimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza, kwa kuwa bega lililolegea huteguka kwa urahisi. Aliyelala kitandani ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda. Wala msiharakishe kupita kiasi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, ulionyesha kuwa kuwatoa wagonjwa kitandani kwa wingi ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza nafasi yao ya kupona vizuri. Mwanzo wa mazoezi na kiasi chake ni amri ya wataalamu.

Wako pia wanaosema kiharusi ni kazi ya majini, na kwamba mazoezi hayafai kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliikuta dhana hiyo imeenea Dar es Salaam, ilhali watu wa wilaya ya Hai walitaja zaidi shinikizo la damu. Nasi tunasema, msomeeni mgonjwa ruqya, ni sunna na ni faraja. Kisha mpimeni presha, mpeni dawa zake, na mumsimamishe afanye zoezi lake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tutafute dawa, na zoezi ni katika dawa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wazee wetu walio Kitale, Bungoma na kila mahali, awape nguvu za kumsujudia kwa viungo vyao, na awaandikie waliozuiwa na maradhi ujira wa waliokuwa wakiyafanya walipokuwa wazima. Amin.

Wabillahi tawfiq.