Sinema ya Kapteni Alex Si ya Kudharauliwa

Wanafunzi wenzangu, kila tukipata nafasi baada ya chakula cha mchana sisi hubishana ni sinema gani iliyo bora kuliko zote. Mmoja hutaja za Bruce Lee, mwingine za Jackie Chan, na mwingine hataki kusikia ila za Hollywood. Mimi hutaja “Who Killed Captain Alex?”, na mara wenzangu huangua kicheko. Wako hata wanaosema kwamba sinema hiyo inaiaibisha Uganda mbele ya mataifa. Naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini naipenda, na kwa nini neno hilo la aibu si la haki.

Sinema hiyo ilitengenezwa Wakaliga, papa hapa Kampala, ikatolewa mwaka 2010. Kwetu Kisugu ni upande wa Makindye, na Wakaliga ni upande wa Lubaga. Si safari ya kutisha. Aliyeitunga na kuiongoza ni Bwana Isaac Nabwana, ambaye zamani alikuwa akifyatua matofali. Yasemwa kwamba gharama yake haikufika dola 200 za Marekani. Bunduki ziliungwa kwa vyuma chakavu, helikopta na milipuko vikatengenezwa kwa kompyuta, na waliocheza ni watu wa mtaani.

Hadithi yenyewe ni hii. Kapteni Alex, askari hodari, anatumwa kulivunja genge la majambazi liitwalo Tiger Mafia. Anauawa, na hakuna ajuaye ni nani aliyemwua. Ndugu yake, bingwa wa kung fu, anatokea kulipiza kisasi. Basi hapo ni ngumi, risasi na mabomu yakianguka juu ya Kampala. Na ukiisha kuitazama mpaka mwisho, swali lililo katika jina la sinema bado halijajibiwa!

Lakini utamu wake mkubwa ni sauti ya VJ Emmie. Aliyepata kuingia katika kibanda cha video anajua kazi ya VJ: hushika maikrofoni akaitafsiri sinema ya kigeni kwa Kiganda, na kutia mizaha yake mwenyewe. Jirani zetu wa Kenya wanaye DJ Afro, afanyaye hivyo kwa Kiswahili. Katika sinema hii VJ Emmie husema kwa Kiingereza cha kwetu, tangu mwanzo hata mwisho. Vita vikipamba moto hupiga kelele kuliko mtazamaji. Mambo yakipoa huwatania waigizaji na sinema yenyewe. Hivyo mtu hachoki, na hajioni yuko peke yake.

Nadhani hapo ndipo wenzangu wasipoona. Viko vicheko viwili. Kimoja ni cha dharau, cha mtu anayetazama bunduki ya vyuma chakavu na kuona umaskini tu. Cha pili ni cha furaha, cha mtu anayeona werevu wa aliyeiunda. Sinema hii imejicheka yenyewe kabla hujaicheka wewe, basi utaiaibishaje? Alan Hofmanis, mtu wa New York, aliona kipande kifupi tu cha kazi za Wakaliga, akasafiri kuja kuwaona, kisha akahamia huko kufanya kazi pamoja nao. Mwaka 2019 sinema yao nyingine, “Crazy World”, ilionyeshwa katika tamasha kubwa la Toronto, Kanada. Watu hawahami nchi yao kwa ajili ya kudharau.

Pengine utaniuliza, je, haina kasoro? Inazo. Picha hazing’ai, na sababu yake inasikitisha: nakala ya asili ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya sinema iliyofuata. Hiyo ndiyo hasara, wala si vyuma chakavu. Kitu kilichotengenezwa kwa jasho la mtaa mzima kilikosa mahali pa kuwekwa, na leo tunacho kwa sababu ilibaki nakala hafifu.

Kwa hiyo nina shauri kwa chama chetu cha michezo ya kuigiza. Tusikae tukingoja fedha za mavazi na mitambo. Simu moja yatosha kupiga picha, na mtaa wa Kisugu una vichochoro vya kutosha kumkimbizia jambazi. Tutunge wenyewe, tuigize wenyewe, mmoja wetu awe VJ wa Kiswahili. Tukiisha, tuweke nakala tatu mahali patatu. Watakaotaka kucheka na wacheke. Wahenga walikwisha kusema, mcheza kwao hutunzwa.