Maji ya kunywa nayo yapimwe klorini

Bwawa la kuogelea la maji ya chumvi lina mashine inayotengeneza klorini kutokana na chumvi hiyohiyo. Hata hivyo mhudumu makini hupima klorini mara kwa mara. Na hayo ni maji ya kuogelea tu. Sisi huku Kasulu na Kibondo tunatumbukiza kidonge kwenye ndoo ya maji ya kunywa, tunasema "tumeshatia dawa", basi.

Mimi hilo silikubali. Klorini huisha. Wakati wa mvua maji ya mto huja na tope, na tope huimaliza klorini kabla haijaua vimelea. Jua nalo huipunguza. Dumu lenye utelezi ndani ndilo baya zaidi, na majumbani ninaona mengi. Chuja kwa kitambaa safi, weka kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, subiri dakika 30, funika. Baada ya saa 24 inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita.

Utajuaje imebaki? Kwa kipimio kilekile cha bwawani: ukitia kidonge cha DPD, maji yakawa ya pinki, klorini ipo. Naona kila kamati ya maji ya kijiji inunue kipimio kimoja kwa michango yake. Mwaka 2015 kipindupindu kiliua watu mkoani kwetu, kule Kagunga. Tunabahatisha ya nini?

Mfugaji wa kuku, wewe angalizo lako ni kinyume: maji ya kuchanganyia chanjo ya kideri yasiwe na klorini kabisa, itaiharibu.