Kila Fani Ina Wenyewe

Ndugu Muislamu, akija seremala akakwambia Hadithi fulani ni dhaifu, utamuuliza: umesoma wapi? Wapokezi wake wawajua? Basi mbona khatibu akipanda mimbari akahukumu kuwa chanjo fulani yakata kizazi, hatumuulizi sanad yake?

Sisemi jambo la kubuni. Kano, kaskazini ya Nijeria, mji wenye maulamaa tele, mwaka 2003 matone ya chanjo ya polio yalisimamishwa. Ilisemwa yametiwa dawa ya kuwafanya watoto wa kike wawe tasa. Sikatai, watu wale walikuwa na sababu ya kushuku. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa mpya kwa watoto wao waliokuwa na homa ya uti wa mgongo, na mambo yale yakaishia mahakamani. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini shaka si hukumu. Shaka hupelekwa kwa mwenye mizani, na mwisho ndivyo ilivyokuwa: chanjo ikapimwa, ikakubaliwa ile iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu, na mwaka 2004 kazi ikaanza tena. Miezi ilikuwa imekwisha kupotea. Virusi vilivyotoka Nijeria vikaenea nchi nyingi, na mwaka 2005 vikafika hata hiyo Indonesia! Watoto waliopooza, nani atawalipa miguu yao? Yule khatibu?

Utasema: kwani wataalamu hawakosei? Wakosea, tena sana. Lakini kosa lao hufichuliwa na mwenye kupima tena, si mwenye sauti kubwa. Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Batlamyus, bingwa wa falaki wa Kiyunani. Hakumpinga kwa Uyunani wake, alimpinga kwa hoja na hesabu.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alidhani kuitia mitende jike ua la dume hakutafaa kitu. Watu wa Madina wakaacha, tende zikatoka mbovu, naye akawaambia mambo ya dunia yao wao wayajua zaidi. Imo katika Sahih Muslim. Yeye alisema hivyo, seuze sisi!

Kazi yetu masheikh ipo: kuuliza kama kitu ni halali, kama mzazi ameelezwa akaridhia, kama masikini hafanywi mnyama wa majaribio. Hayo tuyaulize, hata kwa ukali. Na wewe mzazi, Ijumaa ukimsikia mmoja wetu akihukumu kilichomo ndani ya chupa, mngoje nje ya msikiti umuulize kwa adabu: Sheikh, aliyekipima ni nani, na alikipimia wapi?