Sandarusi Yetu Huko Salem

Ndugu zangu wa Unguja na Mrima,

Nawaandikia habari za Salem, mji mdogo wa bandari kaskazini ya Boston, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni. Nilipita hapo kwa saa chache tu, na tangu siku hiyo hamnitoki akilini.

Watalii wengi huvutwa na kesi za uchawi za mwaka 1692. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, akalazwa chini na kurundikiwa mawe mpaka akafa. Madukani kofia za wachawi ni tele, nami nilizipita haraka. Lakini kwenye ukumbusho wa waliouawa nilisimama: kila mmoja ana benchi lake la jiwe, limechongwa jina lake na siku aliyouawa. Kisha nikateremkia baharini.

Huko kuna jengo la forodha la mwaka 1819, la matofali mekundu, lenye tai wa dhahabu juu ya paa. Nyuma yake kipo kibanda cha mizani za kupimia shehena. Mbele ya forodha, Gati ya Derby imenyooka kuingia baharini karibu nusu maili. Kwenye bandari hii merikebu zilishusha pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi kutoka kwetu.

Hiyo sandarusi, utomvu wa miti ulioganda, ndiyo iliyonishika. Wazaramo na jirani zao waliichimba ardhini, ikavushwa hadi Unguja, ikapakiwa melini. Ilifika Salem ingali na ganda la mchanga, ikasafishwa katika kiwanda cha Jonathan Whipple, halafu ikauzwa kwa watengeneza vanishi. Samani na magari ya farasi ya matajiri wa Marekani yaling'aa kwa jasho la watu ambao hakuna benchi lenye majina yao.

Biashara hii ilipata nguvu kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said, mtawala wa Unguja, na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, kabla Waingereza hawajaweka wa kwao. Merikebu zilituletea nguo ya marekani, ile waliyojifunga bibi zetu. Ilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa nchi hiyo, na huko bara kwetu ikabadilishwa kwa pembe ambazo mara nyingi zilibebwa na watumwa. Nikiwa pale gatini sikuweza kuitazama bahari hivi hivi.

Barua na hesabu za Waters zimehifadhiwa katika maktaba ya Peabody Essex, makumbusho ya Salem. Tunajua alinunua nini na kwa nani. Upande wa wachimbaji umeandikwa kidogo mno, na karibu wote kwa kalamu za wageni. Hilo linaniuma.

Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi walimu wa historia wa Bagamoyo, Kisarawe na Kilwa: kaeni na wazee, simu mkononi, muwarekodi. Walisimuliwa nini na babu zao kuhusu sandarusi? Ilichimbwa msimu gani, kwa jembe au kwa kijiti? Nani alipanga bei, na mchimbaji alirudi nyumbani na nguo kiasi gani? Nitumieni sauti hizo. Kuziandika niachieni mimi.