Shairi la fumbo linamficha nani?

UVIRA – Wakaaji wengi wa mtaa wa Kimanga husikia shairi mara moja tu. Redio iko kwa jirani, mtoto analia, mvua inapiga bati, na ubeti umeshapita. Hakuna ukurasa wa kurudia. Kwa hiyo ubishi juu ya shairi wazi na shairi la fumbo si wa walimu peke yao.

Wako wanaosema shairi lisilofichwa ni taarifa ya habari yenye vina. Hawajakosea kabisa. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani, alipofungwa Pate, inasimuliwa kwamba alimtumia mama yake ujumbe kwa wimbo kupitia mjakazi Saada. Walinzi waliusikia, hawakushika kitu. Mama alielewa, akaficha tupa ndani ya mkate wa makapi. Walinzi wakala chakula kizuri, wakamwachia mfungwa ule wa makapi, naye akakata minyororo. Karibu na wakati wetu, Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika waziwazi mwaka 1968 katika karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyotunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mengine yamesemwa kwa mafumbo. Anayeishi karibu na bunduki anafahamu kwa nini.

Lakini fumbo la Liyongo lilikuwa na mtu wa kulifungua. Mtunzi wa Uvira anayeeleza mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ulipobeba nyumba za watu, kwa maneno ya kale ya Lamu aliyookota katika kamusi, anamficha nani? Mto hausikilizi redio. Anayefungiwa nje ni mama aliyepoteza nyumba, ambaye nyumbani alizungumza Kifuliiru au Kibembe, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Shairi ni lake, na yeye ndiye haelewi.

Wengine hulaumu vina. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kwenye ziwa hili hili, alitoa sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na ni kweli kwamba kutafuta kina humfanya mtunzi avute neno ambalo hata yeye halijui. Ila Euphrase Kezilahabi aliacha vina na mizani katika Kichomi, 1974, na bado baadhi ya mashairi yake yanawatoa walimu jasho.

Afadhali mtunzi amsomee kwanza bibi mmoja pale bombani, aone uso wake. Redio nazo zisome shairi mara mbili. Matangazo ya sabuni husomwa hata mara tatu.

Ila mtangazaji asimwombe mtunzi aeleze hewani shairi linalogusa wenye silaha. Waliotungiwa wameshaelewa, na walinzi nao wana redio.