Mshauri nasaha yupo chuoni, kwa nini wanafunzi hawapigi hodi?

Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujitoa uhai ni kinyume cha Katiba. Jaji Lawrence Mugambi alitoa uamuzi huo katika kesi ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili.

Hadi siku hiyo, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimweka aliyenusurika katika hatari ya kufungwa hadi miaka miwili, kupigwa faini, au vyote viwili. Yaani aliyehitaji daktari alikuwa akitafutiwa polisi.

Kwa vijana hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kujitoa uhai ni sababu ya tatu ya vifo duniani kwa watu wa miaka 15 hadi 29. Huo ndio umri wa vyuoni.

Uamuzi huo uliondoa hofu moja. Imebaki nyingine ambayo jaji hawezi kuifuta: hofu ya kuonekana ukiingia kwa mshauri nasaha.

Mzigo unaanzia wapi?

Mwanafunzi wengi wanamwona akicheka kwenye foleni ya chakula. Hawajui kwamba nyumbani liliuzwa shamba, au kijiji kizima kilichanga ili afike hapo. Akifeli somo moja anahisi amewaangusha wote.

Pesa nazo zinabana. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa 2023 unapanga familia kulingana na uwezo wake, kisha gharama inagawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mfuko wa mzazi. Mzazi akikosa fungu lake au mkopo ukichelewa, mwanafunzi ndiye anayekabiliana na mwenye nyumba mlangoni.

Wavulana wana mzigo wa ziada. Wamelelewa wakiambiwa mwanaume ni kuvumilia, kwa hiyo wengi hunyamaza mpaka mambo yaharibike.

Ofisi ipo, lakini iko wapi?

Vyuo vikuu vingi vya umma vina washauri nasaha, na mwanafunzi halipii kuwaona. Tatizo ni mahali huduma hiyo ilipowekwa. Mara nyingi iko chini ya idara ya maslahi ya wanafunzi, idara ileile inayohusika na nidhamu, vyumba vya hosteli na barua kwa wazazi.

Mtu yeyote angejiuliza: nikisema hapa kwamba nimeanza kunywa kila siku, au kwamba sijaingia darasani mwezi mzima, habari hii itaishia wapi?

Kisheria, jibu lipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya, ikiwemo afya ya akili, kuwa taarifa nyeti. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 nayo inaiweka kazi hiyo chini ya bodi maalum. Lakini mwanafunzi hasomi sheria akiwa kwenye korido. Anaangalia nani amekaa kwenye benchi na nani anapita. Akionekana tu, jioni hosteli nzima itasema ameanza kuchizi.

Halafu kuna suala la saa. Ofisi hufungwa jioni, na mawazo mazito huja saa nane usiku.

Wenzao ndio husikia kwanza

Ndiyo maana anayejua mapema huwa ni mwenzake wa chumbani. Vyuo kadhaa vimewafundisha washauri rika, na kuna ushahidi kwamba vijana wanaweza kusaidiana.

Utafiti wa mpango wa Shamiri uliochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry uliwafuatilia wanafunzi 413 wa shule za sekondari nchini Kenya. Kwa wiki nne walikutana kwa vikundi vilivyoongozwa na vijana waliotoka shule karibuni. Waliopitia mpango huo walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Hata hivyo, mshauri rika si daktari. Naye ana mitihani na mkopo uliochelewa. Akisikia mwenzake anapanga kujidhuru, lazima awe na mtu mzima wa kumpigia usiku huohuo. La sivyo, mzigo umehamishwa tu kutoka bega moja hadi jingine.

Nini kinaweza kubadilika?

Vyuo vya umma vimelemewa na madeni, na kuajiri washauri zaidi kunahitaji pesa. Lakini kuna hatua zisizosubiri bajeti kubwa:

- Kumhamishia mshauri kwenye zahanati ya chuo. Anayeingia pale huenda ana malaria. Hakuna atakayeuliza.
- Kuwaeleza wanafunzi wapya kwa maandishi ni nini kitabaki siri, na kwamba siri hiyo huvunjwa tu pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini.
- Kuweka miadi kwa simu, na namba inayopokelewa usiku.
- Kumpa kila mshauri rika msimamizi anayemjua kwa jina.

Mwanafunzi hafungui moyo kwa sababu ya bango ukutani. Anafungua akiwa na hakika kwamba anayemsikiliza leo hatakaa kesho kwenye kamati ya kumfukuza.

Una rafiki anayekutia wasiwasi? Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujitoa uhai. WHO inasema swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo. Usimwache peke yake. Ukiwa Kenya, piga 1199, namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu.